Nataka kazi yangu iwe kuwatoa vijana nje ya darasa: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Mwaka jana nilimaliza shahada ya maendeleo ya jamii. Nimekuwa skauti tangu sekondari, na likizo mbili zilizopita nimejitolea kwenye kambi za vijana za kanisa letu. Sijaona kitu kinachonipa furaha kama kukaa porini na vijana na kumwona yule aliyekuwa kimya darasani akiongoza wenzake. Natamani iwe kazi yangu ya maisha. Rafiki zangu wananishauri nikasomee uongozaji watalii Arusha. Mjomba anasema nisubiri ajira za serikali. Baba yeye anauliza, kupanda mawe na watoto wa watu ni kazi gani? Nianzie wapi? – Msomaji, Nkuhungu

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeirudia mara tatu kwa sababu ya sentensi moja, ile ya kijana aliyekuwa kimya darasani. Vijana wengi wanaonitafuta kwa swali hili hunieleza habari za mlima: wameupanda upi, wanatamani kuupanda upi. Wewe umenieleza habari za mtu. Kwa hiyo ushauri wangu ni mwepesi kuutaja ingawa utekelezaji wake una jasho: jikite kwanza kwenye kazi ya vijana, habari za mlima utajifunza njiani. Nitakueleza sababu, maana ndiyo itakayokuonyesha pesa yako kidogo uiweke kwenye mafunzo gani.

Mwaka 1984 David Kolb, msomi wa Marekani, aliandika kwamba mtu hujifunza kwa mzunguko wa hatua nne. Kwanza anatenda jambo. Kisha anaangalia nyuma na kutafakari kilichotokea. Halafu anatoa funzo lake mwenyewe, na mwisho analijaribu funzo hilo mahali pengine. Hatua ya kwanza yeyote mwenye basi na mahema anaweza kuiandaa. Hizo tatu zinazobaki ndizo taaluma yetu, na ndizo kambi nyingi huziruka. Vijana wanapanda, wanaimba, wanapiga picha, wanarudi nyumbani wamechoka na wamefurahi, basi.

Nikupe mfano. Niliwahi kuwa na vijana kumi na wawili wa kidato cha pili kwenye vilima vya upande wa Ntyuka. Niliwapa unga, sufuria, maji na mzigo mmoja wa kuni, nikawaambia chakula cha jioni ni chao kukipika. Wavulana wawili wakajitwalia jiko. Waliwasha moto mkubwa wa kujionyesha, na maji yalipoanza kuchemka kuni zilikuwa zinakaribia kwisha. Ugali ukaliwa mbichi. Pale kiongozi mgeni wa kazi hii hushikwa na hamu ya kuhutubia: mmeona faida ya kupanga? Nilijizuia. Tulipokaa kwenye duara niliuliza tu kuni ziliisha saa ngapi. Wakabishana kidogo. Nikauliza nani aliona mapema kwamba hazitatosha. Kimya kirefu, kisha binti mmoja akasema, "Mimi niliona." Ulisema? "Hapana." Kwa nini? Hapo maongezi yakaondoka kwenye kuni kabisa. Binti yule alieleza kwamba hata nyumbani huona mambo na kunyamaza, kwa sababu akisema huambiwa anajifanya mjuaji. Mmoja wa wale wavulana wawili akasema hakujua kama wenzake wanamwogopa. Tulikaa pale karibu saa nzima. Asubuhi iliyofuata, bila mimi kutia neno, walimpa yule binti kazi ya kugawa kuni za chai.

Maswali yangu yalikuwa mepesi: nini kimetokea, kina maana gani kwenu, kesho mtafanyaje. Ugumu uko kwenye kuyauliza kwa mpangilio huo na kuvumilia kimya bila kukijaza kwa maneno yako. Ustadi huo hausomwi kwa wiki mbili. Unapatikana kwa kukaa na vikundi vingi, vya kila aina, ukishindwa na kurudia. Na hatuuanzi kwenye utupu, kwa sababu nchi hii ya Ugogo ina mibuyu ambayo wazee wamekaa chini yake miaka na miaka wakisikilizana mpaka jambo liive. Wewe unawarudisha vijana kwenye kikao cha namna hiyo, ila safari hii wao ndio wenye kikao.

Sasa hilo la Arusha. Kozi ya uongozaji watalii ni nzuri kwa anayetaka kuwa mwongozaji. Mwongozaji wa Kilimanjaro anampeleka mtu mzima aliyelipa ili afike mita 5,895, na kazi yake hupimwa kwa kumfikisha na kumshusha salama. Kikundi chako wewe kinaweza kugeuka katikati ya njia kwa sababu mmoja ameumia goti, wakabebana kurudi kambini, na hiyo ikawa siku bora ya kambi nzima. Ni kazi mbili tofauti zinazotumia njia zilezile. Kama moyo wako ungekuwa kwenye wanyamapori ningekutajia Mweka, chuo kilichoanza mwaka 1963, ambacho kimetoa wahifadhi wa nchi nyingi za Afrika. Lakini shahada uliyo nayo inahusu watu na jamii, na ndiyo hasa kazi hii inayoihitaji. Usisome shahada nyingine sasa.

Pesa ya kwanza utakayopata ipeleke kwenye huduma ya kwanza. Anza na mafunzo ya Msalaba Mwekundu. Baadaye, ukiweza, tafuta mafunzo ya huduma ya kwanza ya maeneo yaliyo mbali na hospitali. Kozi fupi ya aina hiyo huwa ya siku mbili hivi, na ile ndefu ya viongozi huchukua saa kati ya 70 na 80. Cheti chake hakidumu, huhuishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu, na waajiri makini hukitazama kabla ya shahada.

Nisisitize hili kwa kisa changu, nacho si kisa ninachopenda kukisimulia. Miaka yangu ya mwanzo niliwapeleka wanafunzi 26 wa shule moja kwenye miamba, mwendo wa saa mbili kutoka barabarani. Ilikuwa Oktoba. Nilikuwa nimeikagua njia wiki tatu kabla, siyo siku moja kabla. Tulipotaka kushuka, tukakuta nyuki wamechachamaa kwenye ufa wa jiwe, palepale njia ilipopita. Tukalazimika kuzunguka upande wa pili, na mzunguko ule ukatuongezea saa tatu kwenye jua kali. Maji yaliisha. Wavulana wawili walianza kutapika na binti mmoja akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Tuliwaweka kivulini, tukawapepea na kulowesha nguo zao kwa maji tuliyopewa na wafugaji waliotukuta kule. Walipona wote. Lakini nililala usiku ule nikijua kwamba wazazi 26 walinikabidhi watoto wao, na mimi nilikuwa nimebeba maji ya matumaini.

Tangu hapo nimekuwa na hesabu ambayo siipunguzi: lita 4 kwa kila mtu kwa siku, na akiba juu yake. Kwa watu 26 hizo ni lita 104, yaani madumu matano ya lita 20 na zaidi, kabla hujagusa maji ya kupikia. Njia inakaguliwa jana yake, na kila njia ya kupanda iwe na njia ya pili ya kushukia. Nyuki wa nchi hii hukaa kwenye mibuyu na nyufa za miamba, kwa hiyo hakuna manukato, hakuna kurusha mawe, na nguo ziwe za rangi nyepesi kwa sababu nyuki huvamia zaidi chenye rangi nyeusi. Wakishambulia, vijana wajue mapema kwamba kazi ni kufunika uso na kukimbia mbali, siyo kusimama kupigana nao. Aliyeumwa na nyoka hulazwa atulie, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, pete na bangili zivuliwe, na gari liondoke kuelekea hospitali. Hakuna chale, hakuna kufyonza, hakuna kamba ya kukaza. Haya yote yapange kabla, pamoja na jina la kituo cha afya kilicho karibu na namba ya dereva ambaye hatazima simu.

Usiingize vijana majini hata kama bwawa la Hombolo linavutia kiasi gani. Kwenye maji yaliyotuama kuna kichocho, na kuokoa mtu anayezama ni mafunzo mengine kabisa. Kamba za kukwea pia ziache mpaka umefundishwa na mtu mwenye sifa.

Kuhusu majira, Dodoma imetupa kalenda nzuri. Likizo ya Juni huangukia kiangazi chenye ubaridi: mchana unatembeka, usiku upepo ni mkali na blanketi moja halitoshi. Hiyo ndiyo iwe kambi yako kubwa ya mwaka. Likizo ya Desemba hukutana na mvua zinazoanza, na radi juu ya mwamba mtupu haichagui. Makorongo yetu pia, uliyoyaona makavu asubuhi, huweza kushuka maji jioni kwa mvua iliyonyesha mbali ambayo hata hamkuiona. Desemba fanyeni kazi za chini: kupanda miti, ramani, ziara za vijijini.

Na uanze karibu. Vilima vinavyozunguka mji vinatosha kwa mwaka wako wa kwanza wote, ila uliza serikali ya mtaa kwanza, kwa sababu vipo vyenye minara na maeneo yasiyoruhusiwa kuingia. Mwaka wa pili nenda Kolo, Kondoa, kwa barabara ya lami ya kuelekea Babati. Michoro ya miambani ya kule iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Ripoti ofisini pale Kolo mpewe mwongozaji. Waandae vijana wako wajue kwamba baadhi ya mapango yale wenyeji bado wanayatumia kwa matambiko, kwa hiyo mnaingia kama wageni kwenye nyumba ya watu. Michoro haiguswi wala haimwagiwi maji ili picha itoke vizuri. Sijaona mahali panapomnyamazisha kijana wa mjini kama pale, anapotazama mnyama aliyechorwa na mkono wa mtu aliyeishi kwenye nchi hiihii zamani sana. Hanang, wenye zaidi ya mita 3,400, uache mpaka uwe na wenzako wazoefu. Maporomoko ya tope ya Desemba 2023 yaliyoua watu wengi Katesh, chini ya mlima huo, yanatosha kutufundisha kusikiliza wenyeji na mvua.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza, na ningekosea nikilipita. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, kwa hiyo wengi wa vijana wako ni watoto. Usikubali kuongoza kambi yoyote, hata ya kanisa, hata ya ndugu yako, isiyo na taratibu hizi: ridhaa ya wazazi kwa maandishi, watu wazima wasiopungua wawili kila mahali, kiongozi wa kike panapokuwa na mabinti, mahema na vyoo tofauti, taulo za kike kwenye sanduku la dawa bila binti kulazimika kuomba kwa sauti. Hakuna mtu mzima kukaa faraghani na mtoto. Vijana waambiwe mwanzoni kabisa wamwambie nani wakiona jambo baya, na wapewe namba 116, ambayo ni ya bure kwa taarifa za ukatili dhidi ya watoto. Ukiombwa kulegeza mojawapo kwa sababu bajeti ni ndogo, kambi hiyo isubiri bajeti. Najua hili litakugharimu nafasi. Mimi limenigharimu, na sijajuta.

Tuje kwenye mkate. Sitakuficha: tangazo la ajira lenye jina la kazi unayoitaka hutaliona mara nyingi hapa Dodoma. Wanaoishi kwa kazi hii wameishona kwa vipande. Mjomba wako hajakosea kabisa. Halmashauri zina maafisa maendeleo ya vijana, na elimu yako iko karibu na nafasi hizo, kwa hiyo jisajili kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira na uombe kila zinapotangazwa. Alipokosea ni kwenye neno kusubiri. Afisa wa vijana anayejua kuendesha kambi salama ana thamani kubwa kuliko aliyekaa nyumbani miaka mitatu akingoja usaili, na uzoefu huo unaupata sasa. Zingatia tu kwamba sera ya maendeleo ya vijana ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35. Serikalini utakutana na vijana wenye watoto wao na mikopo, siyo wanafunzi peke yao. Nao wanahitaji kikao chini ya mbuyu.

Kipande kingine ni mashirika yanayofanya kazi na vijana, idara za vijana za makanisa na misikiti, na shule binafsi zinazotaka mtu wa kusimamia klabu na safari. Kampuni za utalii zinazopokea wanafunzi kutoka nje huhitaji viongozi wa kike na huwapata wachache. Msimu mmoja huko utakufundisha uratibu wa safari kuliko kozi yoyote. Chama cha Skauti, ambako tayari una jina, usikiache. Mafunzo yao ya viongozi watu wazima ni ngazi inayoeleweka hata nje ya nchi. Siku ukitaka cha kwako, kumbuka kwamba kuchukua malipo kwa kuongoza safari za kitalii kunahitaji leseni ya biashara ya utalii, maarufu kama TALA, na shirika lisilo la kiserikali lina usajili wake. Mikopo ya halmashauri ina fungu la vijana la asilimia 4 ya mapato ya ndani, lakini hutolewa kwa vikundi na hurejeshwa. Usiikope kununua mahema kabla hujawa na wateja wawili wanaorudi.

Kitu kimoja kianze wiki hii, nacho ni daftari. Kila siku unayokuwa nje na vijana iandike: tarehe, mahali, idadi na umri wao, hali ya hewa, wewe ulikuwa na jukumu gani, nini kiliharibika, swali gani lilifungua maongezi. Mwenzako mwandamizi aweke sahihi. Zile likizo mbili zako za kujitolea ziandike leo kabla hujazisahau. Nimekaa upande wa waajiri kwenye usaili. Vyeti vya waombaji hufanana sana, lakini mtu akifungua daftari lenye siku 80 zilizoandikwa kwa uaminifu, pamoja na siku zilizoharibika, meza nzima huinama kusoma. Lenga siku 40 kwa mwaka wa kwanza. Jumamosi zako zitakutosha.

Nimemwacha baba mwisho kwa makusudi, kwa sababu swali lake ni la haki na linastahili jibu la heshima. Mweleze kwamba kazi hii ina umri. Baden-Powell aliwapeleka wavulana kambini kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, na skauti wakatoka hapo. Mwaka 1941, katikati ya vita, Kurt Hahn alisaidia kuanzisha shule huko Wales kwa vijana mabaharia, kwa kuwa ilisemekana vijana wenye nguvu walikuwa wakikata tamaa kwenye boti za kuokolea huku wazee wakivumilia. Shule za mkondo huo zilifika mpaka Loitokitok, upande wa Kenya wa Kilimanjaro. Lakini huenda kitakachomgusa zaidi ni cha nyumbani. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, kwenye Elimu ya Kujitegemea, alilalamika kwamba shule zinamtenga mtoto na jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yote yako kwenye vitabu. Kama baba alisoma miaka ile, alilima shamba la shule. Muulize alijifunza nini kule ambacho darasani hakikuwepo, kisha umwache aongee.

Halafu umwalike. Safari yako ya kwanza iwe ya siku moja, Jumamosi, vijana kumi, kilima cha karibu, kurudi kabla ya saa tisa. Mpe baba kazi ya kweli: asimamie madumu ya maji, ahesabu vijana wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Mtakapokaa kwenye duara, mwekee nafasi kivulini kati ya vijana wawili, na ukiuliza nini kimetokea leo, muulize na yeye.